Nyumba ya kulipa polepole: tulikotoka sisi wa Shituru



Katika mkutano uliopita katibu alitusomea barua ya mfadhili mmoja. Alikuwa ameangalia hesabu zetu na kuona kwamba sehemu kubwa ya misaada ya dharura inaishia kwenye kodi ya nyumba na garanti. Akauliza: kama familia hizi zinaweza kulipa kodi kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, kwa nini hazinunui nyumba? Ukumbi mzima ulicheka. Hatukumdharau mtu, ni kile kicheko cha mtu aliyeguswa mahali panapouma. Kisha mama mmoja wa mstari wa nyuma akasema: «Tulinunuaka. Njo ile balitunyanganya.»

Kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi, niliombwa nijibu kwa maandishi. Jibu ni refu kidogo, na linaanza kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Babu zetu hawakununua nyumba Shituru kwa sababu hapakuwa na nyumba ya kununua. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na watu wa kazi wakatafutwa mbali: Lomami, Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni mtu alikuja peke yake, akamaliza miezi yake, akarudi kwao. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilibadilisha njia: iliona afadhali mtu akae miaka mitatu pamoja na mke na watoto, kuliko kutafuta watu wapya kila mara na kuwazika wengine kwa magonjwa. Wakati huohuo, mwaka 1929, kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba kwa umeme. Kambi zikajengwa kuzunguka kiwanda na kule Panda. Nyumba ilitoka kwa kampuni, posho ya unga ilitoka kwa kampuni, shule na hospitali vilevile. Taa ikiungua, uliandika kwenye ofisi ya kambi. Chokaa ya ukuta ilikuja yenyewe. Wazee walisema: kampuni njo baba, kampuni njo mama.

Lakini baba huyo alikuwa na sharti lake. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mjane alipewa muda, kisha alirudishwa «kwao», hata kama huko kwao hakuwahi kupaona. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara, kama unga. Hakuna aliyejifunza maneno ya muuzaji na mnunuzi, kwa sababu hakuna aliyeyahitaji. Nasisitiza hilo kwa marafiki wa mbali. Vizazi viwili au vitatu vya watu wa mji, wenye ufundi, waliosoma, hawakuwahi kushika karatasi ya nyumba mkononi.

Nje ya makambi mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo «kulipa polepole» inapoingia katika historia ya Kongo. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji ilianzisha Ofisi ya Miji ya Waafrika, ile wazee wanaiita OCA. Mfano ulio karibu nasi ni Ruashi, Lubumbashi. Bukavu kuna Bagira, Kinshasa kuna Bandalungwa na Matete, na Bujumbura mtaa wa Ngagara bado watu wazima wanauita kwa jina la ofisi hiyo. OCA ilijenga nyumba kwa mistari, ikawapa makarani, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wadogo. Baadhi walipanga tu. Wengine waliingia kwa njia inayoitwa kwa Kifaransa lokasio-vante: unatoa kianzio, unaingia ndani, unalipa kila mwezi kwa miaka mingi, na siku ya mwisho nyumba ni yako. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri kwa mtu wa namna hiyo, mpangaji mnunuzi. Sisi hapa tunasema tu «ananunua polepole».

Ile mipango ya OCA ilikuwa na makosa yake; ilikuwa siasa pia, maana Wabelgiji walitaka watu wachache waliotulia, wenye kitu cha kupoteza. Lakini jambo moja walilifanya vizuri, na nataka mlikumbuke tutakapofika kwenye mambo ya leo. Malipo yaliandikwa pande mbili. Ofisi ilikuwa na daftari lake, mnunuzi alikuwa na risiti zake, na kila risiti ilisema ni malipo ya nini. Baada ya uhuru mwaka 1960 ofisi ilivurugika, kazi zake zikapita kwa Ofisi ya Taifa ya Makazi, na makaratasi mengi yakapotea njiani. Aliyekuwa na risiti zake kwenye sanduku aliweza kusimama mbele ya karani mpya na kubisha. Aliyetegemea daftari la ofisi alibaki kueleza kwa mdomo.

Pesa nayo ilifanya yake. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaïre mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mtu aliyekubaliana bei kwa pesa ya taifa, kulipa kwa miaka 10, aliishia kulipa bei ya mkate kwa chumba kizima, na muuzaji akajiona ameibiwa. Njo maana leo hakuna anayekubali mkataba mrefu isipokuwa kwa dola. Tunaweza kulalamika, lakini sababu tunaijua.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana wanachama mmechoka kunisikia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya lupango inasimama kwa sertifika ya anrejistrema tu, ile inayotolewa na konservateri wa hati. Fishi ya komini si sertifika. Barua ya shefu wa kartié si sertifika. Mkataba uliotiwa saini na mashahidi kumi ni ahadi kati ya watu, na ahadi ina nguvu, kwa maana dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mahakama zetu bado zinaitumia, inasema mapatano halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Lakini mapatano hayo yanawafunga waliosaini. Yule wa tatu anayekuja na sertifika mkononi hayamfungi kirahisi.

Sasa nifike kwenye mwaka 1992, na hapa nitasema ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alizaliwa Likasi, wakati mji bado unaitwa Jadotville. Watu wake walitoka Kasai. Alifanya kazi kiwandani, lakini aliona wenzake wakistaafu na kuondolewa kambini, akaogopa. Kwa hiyo karibu na mwisho wa miaka ya 1980 alipatana na mtu mmoja aliyekuwa na lupango Kikula. Hawakuita lokasio-vante; waliita «tunasaidiana». Tulihamia pale kama wapangaji, na baba alilipa zaidi kidogo ya kodi ya kawaida. Ile ziada ilikuwa ya kununua. Kila mwezi mwenye nyumba aliandika kwenye kahie ya shule yenye jalada la bluu. Nilikuwa kijana, na mara nyingi mimi njo nilipeleka pesa. Naikumbuka ile kahie vizuri, hata wino wake. Ilikaa kwake. Baba aliona ni adabu mbaya kudai nakala kwa mtu anayemwita kaka.

Agosti 1992 ikafika. Kinshasa Mkutano Mkuu wa Taifa ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na huku Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, ikawa kuni kwenye moto uliokuwa umekwisha kuwashwa. Sitasimulia yote, wengi wenu mlikuwapo. Watu walitolewa nyumbani kata kwa kata. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na pembeni yake, wiki hata miezi, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, na wengi, hasa watoto, walizikwa kabla treni haijafika. Kutoka mkoa mzima waliofukuzwa mwaka ule na uliofuata walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wenye nyumba waliziuza kwa bei ya tiketi na gunia la unga, au waliacha ufunguo kwa jirani. Wengine waliacha mlango wazi.

Sisi tulikuwa katikati, si wapangaji, si wenye nyumba. Baba hakuwa na cha kuuza. Malipo ya miaka karibu minne yalibaki kwenye kahie ya bluu, nyumbani kwa mtu mwingine. Mama alibeba sufuria na cherehani. Akasema miaka mingi baadaye kwamba angejua, angeacha cherehani na kwenda kuomba ile kahie. Nadhani hata angeomba asingepewa, lakini sikumwambia.

Niliporudi Likasi mwaka 2004, baba alikuwa amekwisha fariki Kasai. Nilikwenda Kikula. Nyumba ilikuwa na watu wengine, walionunua kihalali kwa kadiri walivyojua. Mwenye nyumba wa zamani alinipokea, akanipa kiti, akaniuliza habari za mama. Kisha akasema: «Papa yako alikuwaka mulokatere yangu. Mulokatere muzuri sana.» Nilitafuta cha kujibu nikakosa. Kila risiti ingekuwa ushahidi, na risiti haikuwapo.

Basi, mfadhili wetu, ndiyo maana watu walicheka.

Lakini historia haikusimama pale. Katika miaka tuliyokuwa mbali, kampuni nayo ilianguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ya Gécamines ikachelewa miezi, halafu miaka. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka kwa ule mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa «kuondoka kwa hiari», ingawa hiari ile kila mtu aliijua. Na nyumba nyingi za makambi zikapita mikononi mwa wafanyakazi wenyewe. Yule babu wa Shituru ambaye familia yake haikuwahi kushika karatasi ya nyumba, sasa alikuwa na nyumba. Hakuwa na mshahara. Upande wa pili tukaja sisi tuliorudi, wenye biashara ndogo, wenye watoto kwenye kazi za migodi mipya: tulikuwa na pesa kidogo kila mwezi, nyumba hatuna, na rundo la dola za kununua kwa mara moja hatuna. Benki hazikopeshi mtu anayeuza unga sokoni. Kati ya hawa wawili, kulipa polepole kulirudi kwenyewe, bila OCA, bila ofisi, bila sheria maalumu. Aliyerudi nako ni komisioneri.

Watu wengi kwenye mikutano yetu wanamsema vibaya komisioneri. Mimi nitamtetea kidogo, halafu nitamshtaki. Ndiye anayejua nani anauza na nani anatapeli. Anatembea na daftari na simu mbili kutoka Panda hadi Kikula kwa mguu. Anakudai pesa ya kutazama nyumba, halafu mkikubaliana anachukua komisio, kwa desturi mwezi mmoja wa kodi. Wapo wanaoonyesha nyumba moja kwa watu watano na kuchukua pesa kwa wote, kwa sababu yao mnaona ukutani maandishi makubwa ya rangi: «Lupango hii haiuzwi.» Lakini wapo wa kweli pia, na bila wao mgeni hapati hata banda.

Kosa lake liko mahali pengine, na huenda si kosa lake. Komisioneri analipwa siku ya kwanza. Siku ile mnasaini, pesa inahesabiwa, anachukua yake, anaondoka. Kwa nyumba ya kupanga hiyo ni sawa. Kwa nyumba ya kununua polepole kazi ndiyo kwanza inaanza, na itakwenda miaka mitano, sita, kumi. Yule pekee aliyesikia mapatano yote hana tena sababu ya kuyakumbuka. Amekwisha kwenda kutafuta wateja wengine.

Na risiti, sasa. Wanachama, chukueni risiti zenu nyumbani, mzisome leo jioni. Karibu zote zinasema «loyer». Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba imetusaidia, imeweka mpaka wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu, na mwenye nyumba anayedai sita mnaweza kumwonyesha. Lakini sheria ile inamlinda mpangaji. Kama risiti zako 40 zinasema «loyer», basi mbele ya hakimu wewe ni mpangaji mzuri wa miezi 40, kama baba yangu. Ile sehemu ya kununua inatakiwa iandikwe peke yake, kwa jina lake: akonti ya bei ya kununua, kiasi hiki, imebaki kiasi hiki. Neno moja tu, na watu wanapoteza nyumba kwa ajili yake.

Nitoe mfano wa mwanachama wetu, mjane, jina naliacha. Alipatana na mstaafu mmoja, nyumba ya kambi, vyumba viwili na kibaraza. Komisioneri aliwakutanisha. Siku ya kusaini mama hakuwa na komisio yote, akalipa nusu, akaomba nusu nyingine alipe «pole pole, papa, nisamehe». Komisioneri alinung'unika sana, lakini akakubali. Kuanzia hapo kila baada ya miezi miwili mitatu alipita kudai. Mama akimpa kidogo, alikaa, akanywa maji, akauliza: umelipa hadi wapi? Akaandika kwenye daftari lake, kwa sababu alikuwa anapima kama mama huyu ataweza kumaliza deni lake.

Mwezi wa 26 mzee alifariki. Baada ya matanga watoto wake walikuja kutoka Kolwezi na Lubumbashi, wakamkuta mama ndani. «Papa alikufaka, siye hatujue mambo ya kuuzisha. Wewe uko mulokatere.» Kwa sheria ya familia watoto ndio warithi wa kundi la kwanza, kwa hiyo hawakuwa wajinga. Mkataba ulikuwapo, lakini ulisainiwa na mzee peke yake, na risiti, kama mnavyokisia, zilisema «loyer».

Aliyeokoa ni komisioneri, na daftari lake la kudai. Alikuja kwenye kikao cha familia mbele ya shefu wa kartié, akafungua, akasoma: tarehe, kiasi, sehemu ya kodi, sehemu ya kununua, mwezi kwa mwezi. Mtoto mkubwa aliitambua hata saini ya baba yake mara mbili pembeni. Wakakubali mkataba uendelee, bei ileile.

Sitaki kumfanya komisioneri yule malaika. Alikuja kwa sababu alikuwa bado anadai. Lakini hapo ndipo kamati yetu ilifunguka macho. Tangu mwaka jana, mwanachama anayeingia kwenye kulipa polepole kwa msaada wa mfuko wetu analipa komisioneri nusu siku ya kuingia, na nusu siku konservateri anapobadilisha jina kwenye sertifika. Wawili walikataa wakaondoka. Watatu wamekubali, mmoja akisema ataongeza komisio kidogo kwa kungoja, na tuliona ni haki. Kabla ya kusaini, mjumbe wetu anakwenda na muuzaji kwa konservateri kuangalia hati ni ya nani. Mke na watoto wakubwa wa muuzaji wanasaini pia. Kahie ziko tatu: moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, moja kwenye kabati la chama, na katibu anapiga picha kila ukurasa na kumtumia mjumbe wetu aliyeko Mbuji-Mayi. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tunatuma mbali hivyo. Wazee waliangaliana tu.

Kwa wafadhili, jibu letu kwa swali lenu ni hili: familia zinanunua, sasa hivi, kwa njia hii. Kianzio wanakitafuta wenyewe. Kinachowakwama ni gharama za karatasi, hasa pale muuzaji anapofariki na hati ya urithi inabidi itengenezwe kwanza, kabla jina halijabadilishwa. Mama yule amebakiza miezi 11 kumaliza bei. Warithi hawajaanza hati ya urithi kwa sababu kila mmoja anangoja mwenzake alipe, na komisioneri anapita kila Jumamosi kuuliza wamefika wapi.